Fahali Aliyefundishwa Kuwa Ndege

Ukitaka kujua ndege gani ya kivita inaweza kuangusha ndege gani, njoo mjini Kakamega, pita njia ya nyuma ya soko, uketi kwenye benchi lililo mbele ya kibanda changu. Usiniulize mimi, mimi nashona sare za shule. Waulize wale wanaume. Wako pale tangu asubuhi, kila mmoja akinywa chai ya mwenzake, na hakuna vita duniani ambavyo hawajavimaliza kabla ya saa sita mchana.

Nimewasikiliza miaka nenda miaka rudi kwa sababu kibanda changu ni cha mbao na masikio hayana kifuniko. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege, hata hii ya abiria. Ndege pekee wanazoziona kwa karibu ni helikopta za wanasiasa, zinazotua kwenye viwanja vya shule na kung'oa mabati ya vyoo. Lakini wakianza kueleza, utadhani wamezaliwa na marubani.

Mkubwa wao ni kakangu. Ndiye mwenye simu ya kioo kikubwa, ndiye hakosi bando, kwa hiyo ndiye mkuu wa majeshi. Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na kati yetu mama alizika wengine ambao hadi leo naamini wangekuwa na akili. Kakangu anajua ndege zote za kivita, za zamani na za sasa, na hajui kukama ng'ombe. Mke wake alikuwa akija kwangu kukopa chumvi huku bwana yake akieleza bei ya bawa moja la ndege ya Wamarekani.

Sisemi kwamba alikuwa akidanganya. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi, kwamba mambo yenyewe yalikuwa ya kweli. Alianza na ile ndege nyeusi ya kijasusi ya Wamarekani, iliyokuwa ikienda kasi kuliko risasi. Ikiwa chini inavuja mafuta, akasema, kwa sababu vipande vya mwili wake viliachiwa nafasi makusudi, ili ikipata joto huko juu chuma kipanuke na kuziba nafasi hizo. Na chuma chenyewe walikinunua kwa ujanja kutoka kwa Warusi, walewale waliokuwa wanaenda kuchunguzwa. Benchi zima likapiga makofi. Nikatoa kichwa dirishani nikawaambia hata sufuria yangu inavuja, mbona hakuna anayeipigia makofi.

"Dada, wewe shona," kakangu akasema bila hata kugeuka.

Siku nyingine ilikuwa ya Warusi. Ati walikuwa na ndege iliyobeba pombe ya kupozea mitambo, na mafundi walikuwa wakiinyonya yote usiku, ikibidi kujazwa tena. Hiyo niliielewa. Ndege kama hiyo ingepata mafundi wengi sana kwetu Ikolomani, na isingeruka hata siku moja. Halafu kuna wale marubani wa mwanzomwanzo, wa vita vya kwanza vya Wazungu. Bunduki iko mbele, pangaboi liko mbele, mtu akifyatua anajikatia pangaboi lake mwenyewe akiwa hewani. Mmoja wao akapata wazo la kupigilia vipande vya chuma kwenye pangaboi, risasi zikigonga ziruke kando. Ziruke wapi, hakuna aliyeuliza. Na hao ndio waliokuja huku kutuambia sisi hatujastaarabika.

Kuna ya Waingereza iliyoundwa kwa mbao na mafundi wa makabati. Kuna ile kubwa ya kubeba mabomu, ambayo rubani wake wa leo huenda babu yake alirusha ya aina ileile, na bado inaruka, na bado haijachoka kuua watu. Kakangu aliitaja hiyo kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mama yetu. Mimi niliwaza matrekta ya miwa ya Ekero. Nayo ni ya enzi za mababu, lakini angalau yanaleta sukari.

Ningemwacha na benchi lake, wallahi ningemwacha, mtu mzima akiyachezea maisha yake ni yake. Lakini akamgusa fahali wa baba.

Ili uelewe ubaya wa jambo hili lazima ujue kwetu. Nyumbani ni Malinya, hukohuko Ikolomani, na Malinya mwanamume anahesabika kwa fahali. Sio ng'ombe wa maziwa, fahali wa kupigana, anayepelekwa uwanjani Jumamosi asubuhi akakutana na wa boma lingine pembe kwa pembe. Mzee mwenye fahali akifa, wenzake wote wenye mafahali huja kumzika na wanyama wao. Wanaingia langoni mbio na ngoma za isukuti, wanapita katikati ya watu mpaka kaburini, vumbi linapanda, ardhi inatikisika, na hata mtu aliyekuwa anamchukia marehemu anakubali kwamba amekufa mtu. Asiye na fahali anazikwa kwa nyimbo za kitabu na kipaza sauti kinachokoroma.

Na si kumiliki tu. Fahali wako lazima awe amesimama. Akishindwa baada ya kupigana, sawa, hiyo si aibu, na wenzako watakuja. Akikimbia bila kupigana, umekwisha. Mimi naona ni upuuzi mtupu wa wanaume, nimewaambia hivyo tangu nikiwa msichana, lakini baba hakuwa anaona hivyo, na aliyekuwa anakaribia kufa ni baba.

Mafahali wake wa ujanani walishakwisha, wa mwisho alimalizwa na kupe. Kwa muda mrefu boma lilikaa tupu, na baba akawa anakwenda mazishi ya wenzake akisimama pembeni. Halafu akapata ndama mmoja mweusi mwenye kifua, akamlea kama mtu anayelea yai. Alimtenga na majike. Alimlisha molasi kutoka Ekero. Na kila alfajiri alikuwa akienda bandani kumwimbia. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa mafahali kwetu, unamwimbia mnyama sifa zake na za ukoo wako, ili siku ya uwanjani akisikia sauti yako ajue yuko nyumbani. Mimi nilirudi kwa baba ndoa yangu ilipokwisha, hiyo si habari ya leo, na kila asubuhi niliamshwa na huo wimbo. Sauti ilikuwa mbaya. Fahali alikuwa akiitikia kwa kukoroma.

Kisha magoti ya baba yakakataa, na hospitalini wakatuambia moyo umechoka. Alitoka huko akiwa na ombi moja tu. Alitaka fahali wake asimame uwanjani mara moja, yeye akiwa anatazama, halafu mengine Mungu anajua.

"Nataka watu waje na ng'ombe," alituambia. "Nisizikwe kama mwalimu."

Fahali akakabidhiwa kakangu, kwa sababu yeye ni mwanamume. Aliyekuwa akikata nyasi ni mimi, aliyekuwa akiteka maji ni mimi, aliyekuwa akitoa kinyesi ni mimi, lakini kamba akapewa mtu wa benchi. Hiyo ndiyo mila yetu na sijawahi kuiheshimu hata chembe.

Wiki ileile fahali akapewa jina. Stelthi. Kakangu alitutangazia sebuleni kama waziri. Stelthi, alieleza, ni zile ndege ambazo rada haizioni. Umbo lake limekatwa kwa namna ambayo mawimbi yakigonga yanatawanyika, na ngozi yake inapakwa kitu cha kuyameza. Inaingia kwa adui, inafanya kazi, inatoka, na adui bado anakunywa chai. Ile kubwa kuliko zote, yenye umbo la popo, inalazwa kwenye banda lenye viyoyozi kwa sababu ngozi yake haipatani na unyevu na mvua.

"Haipatani na mvua?" nikauliza.

"Inaharibika."

"Na hapa Kakamega mvua inanyesha kila alasiri. Si ingekuwa imeshaoza?"

"Ndiyo maana wewe unashona," akasema.

Nilidhani ni maneno tu, kama kawaida yake. Kumbe safari hii mwenzetu alikuwa na mpango. Alinunua maturubai meusi akafunika banda lote, pande zote, ili mtu yeyote asimwone fahali kabla ya siku yake. Wanaume wa boma lingine walikuja kupeleleza, kama ilivyo desturi, akawafukuza. Vijana wa isukuti wakaja, kwa sababu mnyama huzoezwa ngoma mapema, akawafukuza pia. Watoto wakakatazwa kupita nyuma ya banda. Fahali akakaa gizani juma baada ya juma, akila vizuri, akinenepa, haoni mtu ila kakangu na mimi mpeleka nyasi.

Halafu akamgusa baba mwenyewe. Alimkuta alfajiri ameegemea mlango wa banda na fimbo yake, anaimba.

"Baba, hapana. Sasa tumeingia kimya cha redio."

Baba akamwangalia. "Kimya cha nini?"

"Ndege za mabomu zikienda vitani, marubani wanazima redio. Hakuna kuongea. Ukiongea tu, adui anajua uko wapi. Ukiimba hapa kila asubuhi, kijiji kizima kinajua fahali yuko hali gani."

"Mimi namwimbianga ndio ajue ni wa mtu," baba akasema. "Ng'ombe si mwizi wa kufichwa."

"Baba, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi vita ni akili."

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Nikamwambia kakangu kwamba akili ndiyo kitu pekee ambacho hajawahi kukileta katika boma hili, na nikamwambia mengine ambayo hayaandikiki. Baba akaniinulia mkono ninyamaze. Alikuwa na ugonjwa mwingine mbali na wa moyo, nao ni kumwamini huyo kijana wake. Akarudi nyumbani polepole. Tangu asubuhi hiyo hakuimba tena, na nyumba ikawa kimya mpaka jua lipande.

Jumamosi ya kupigana ikafika. Kwa watu wenye kichwa, fahali anatoka nyumbani na kelele. Isukuti inapigwa tangu langoni, vijana wanakimbia kando yake na matawi, filimbi, matusi, nyimbo, na mnyama anafika uwanjani damu imechemka, hata ukimwekea lori mbele atalipiga pembe. Kakangu akasema hiyo ni kujitangaza kwenye rada. Yeye na wenzake wa benchi, ambao walikuja kutoka mjini wakajiita kikosi cha anga, wakamtoa Stelthi kimyakimya, wakamzungusha njia ya mtoni, nyuma ya mashimo ya wachimba dhahabu, ndani ya mahindi. Wanaume wazima wakinyata na ng'ombe. Mmoja alikuwa amevaa miwani ya jua.

Baba nilimpeleka mimi, kwa bodaboda, nimemshika kwa nyuma asianguke. Nikamwekea kiti cha plastiki mbele kabisa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, na wazee wenzake wenye mafahali wakaja kumsalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona amekaa wima namna ile tangu mama afariki. Aliniuliza mara kadhaa kama naona chochote upande wa lango.

Fahali wa boma lingine akaingia kwanza, na isukuti zake, na watu wake, uwanja ukalipuka. Alikuwa mwekundu na, nisiseme uongo, hakuwa mkubwa kuliko wetu. Akasimama katikati akichimba udongo. Watu wakaanza kuuliza wa mzee yuko wapi.

Basi wetu akatokea. Akatokea nyuma ya umati, kati ya muuza miwa na muuza karanga, bila ngoma, bila wimbo, kakangu mbele na kamba, kidole mdomoni kuwanyamazisha watu. Watu waligeuka wakashtuka. Na fahali akashtuka zaidi. Aibu iliyoje! Mnyama ametoka gizani, hajaona watu zaidi ya wawili kwa muda wote ule, mara anakuta Malinya nzima inamtazama na ngoma ambazo hajawahi kuzisikia kwa karibu zinampigia usoni. Hakumwangalia hata huyo mwekundu. Alisimama anatetemeka miguu, macho yamemtoka, kisha akageuka, akamburuta kakangu kwa kamba mpaka kakangu akaachia, akapita juu ya miwa ya yule muuzaji, na akashika barabara.

Watu walimsindikiza kwa macho. Kisha mtu mmoja akapaza sauti, "Kweli haonekani! Stelthi! Mmemwona? Mimi sijamwona!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega wasianguke. Hata wale wa kikosi cha anga, mbwa wale, walikuwa wakicheka.

Na katika kicheko hicho baba akainuka. Magoti yale yaliyokuwa yakihitaji watu wawili, aliinuka peke yake, akashika mgongo wa kiti, akaanza kuimba. Ule wimbo wa alfajiri. Alikuwa anamwita arudi. Mimi nilikuwa kando yake kabisa na nilimsikia kwa shida, kwa sababu ya kelele, na sauti yenyewe ilikuwa imebaki nusu. Aliimba mpaka mwisho, sifa zote, majina yote ya ukoo, akitazama ile barabara. Fahali alikuwa amekwisha kupotea kwenye kona. Nilitamani ardhi ipasuke immeze kakangu, simu yake na kila ndege iliyo ndani yake.

Fahali aliyekimbia harudi kulala tena bomani. Hiyo nayo ni desturi. Mwenye bucha alikuwa akingoja barabarani, watu wa aina hiyo hawakosekani, na kabla ya saa sita mambo yalikuwa yamekwisha. Wazee waliokuwa wamemsalimia baba kwa mikono miwili wakapita wakimpungia kwa mbali. Njiani kurudi baba aliniuliza kitu kimoja tu, kama alikuwa ameimba kwa sauti ya kutosha. Nikamwambia ndiyo, sana.

Hakutoka kitandani baada ya hapo, isipokuwa kuota jua. Kakangu naye akaacha benchi. Alikuwa anakuja kukaa kizingitini, na mimi nilikuwa nafagia hapohapo alipokaa, nampiga miguu na ufagio, makusudi. Nilimpikia baba obusuma, ugali wetu, laini wa kumeza bila kutafuna, na kakangu nikamwekea ukoko. Alikula bila kulalamika, na hilo likaniudhi vilevile.

Siku moja baba akamwita kutoka chumbani. "Wewe. Njoo unielezee ile inayovujanga."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kakangu akaingia, akaketi kwenye debe, akaanza kueleza ile ndege nyeusi, taratibu, sauti ya chini. Baba akasikiliza. Kesho yake akataka ya mbao. Akataka ya pombe, akaicheka mpaka akakohoa. Akataka hizi droni za siku hizi, zenye injini kama ya pikipiki, zinazolipua vifaru vya mabilioni. Nilikuwa nakasirika kiasi kwamba nilitoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mtu amekuharibia kifo chako, halafu unamwambia akupigie hadithi! Nilimwuliza baba, kakangu akiwa ameenda chooni, anawezaje kumvumilia mjinga yule.

"Ndiye niliyenaye," akasema. "Na wewe."

Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga mabati, kakangu akiwa ameinama karibu na mto aliolalia baba ili asikike. Alikuwa anaeleza jinsi wanajeshi wa anga wanavyozikana. Rubani akifa, wenzake wanarusha ndege zao juu ya kaburi, zimepangwa kama bata. Lakini nafasi yake hawaijazi. Wanaiacha wazi, au mmoja anajitenga ghafla na kupanda juu peke yake, wengine wanaendelea na lile pengo. Watu wote walio chini wanatazama pengo.

Baba akafumbua macho.

"Kwa hivyo ile nafasi yenyewe inaonekana," akasema.

"Inaonekana, Baba. Ndiyo wanayoitazama."

"Mniachie hivyo." Alinyoosha mkono akionyesha nje, upande wa lango. "Kutoka pale mpaka mtakaponilaza. Upana wa mafahali wawili. Mtu asisimame hapo." Kisha akageuza kichwa, akanitafuta mimi niliyekuwa mlangoni na kuni. "Wewe ndiwe una mdomo. Utawafukuza."

Niliona ni wazimu, na niliona ni wazimu wa kakangu umemwambukiza. Nilienda jikoni nikalia kwa hasira na si kwa hasira peke yake.

Alifariki asubuhi, mvua zikiwa bado hazijaisha. Wenye mafahali walikuja kutoa pole, wakaketi, wakanywa chai yetu, na mkubwa wao akasema kwa adabu nyingi kwamba watahudhuria mazishi, ila wanyama watabaki nyumbani. Mtatuelewa, akasema. Mimi nikamwambia sisi ndio tunaelewa. Nilimwongezea sukari asipate la kusema.

Siku ya mazishi niliamka mapema nikachimbia vijiti pande mbili, kutoka langoni mpaka kaburini, nikavifunga uzi wa kushonea. Kakangu alikuja akanishikia upande mmoja wa uzi.

Kisha watu wakaja, na watu ni watu. Kila mmoja aliiona ile njia pana, tupu, iliyofagiwa, akaona hapo ndipo pa kuweka kiti chake. Niliwafukuza wote. Nilimfukuza mwenye kipaza sauti na spika zake. Niliwafukuza akina mama wa kanisa na sufuria za mchele. Pasta aliniambia hema litapendeza likivuka katikati, nikamwambia basi litavuka juu ya kichwa chake. Mheshimiwa mmoja alifika amechelewa, kama kawaida ya aina yake, na dereva akaegesha gari lile refu papo hapo katikati. Nikasimama mbele ya boneti.

"Toa."

"Mama, hili ni gari la mheshimiwa."

"Nimeona. Toa kabla sijatoa kioo."

Mheshimiwa alishusha dirisha, akanitazama, akamwambia dereva arudi nyuma. Watu wa benchi walikuwa wameketi wote pamoja, na mmoja wao akaanza kutabasamu na kunong'ona jina la yule fahali. Sikuhitaji kumwendea. Kakangu alimtangulia, akamshika ukosi, akamketisha nyuma kabisa ya umati. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kitu badala ya kukieleza.

Walipombeba baba kutoka nyumbani, hawakupita katika ile njia. Walipita kando, juu ya nyasi, wakimzungusha, na watu wakaanza kuulizana. Kakangu aliitwa aseme neno kama mtoto wa kwanza. Akashika kipaza sauti. Nilimngojea, nikasema moyoni, akitaja ndege leo namzika pamoja na baba. Alifungua mdomo, akaufunga, akarudisha kipaza sauti kwa mwenyewe. Akaenda kusimama upande ule mwingine wa uzi, uso kwangu, mikono nyuma.

Basi tukabaki hivyo, umati huku, umati kule, na katikati nafasi ya mafahali wawili, udongo mtupu wenye alama za ufagio. Wale wazee wenye mafahali walikuwa karibu na kaburi. Mmoja aliitazama ile njia kwa muda, kisha akavua kofia. Wengine wakaanza kuvua, polepole, bila kutazamana. Hakuna ngoma iliyolia.

Shangazi yetu kutoka Malava, ambaye macho yake hayaoni vizuri na mdomo wake haujui kunong'ona, akanivuta nguo.

"Mwanangu, mbona hapa katikati hamna mtu? Tunangoja nani?"

"Mafahali, shangazi."

"Mafahali gani? Mbona siwaoni?"

"Nyamaza, shangazi," nikamwambia. "Wanapita."